Kijani Mara Kumi na Moja

Kaka yangu mkubwa alikufa kwa sababu ya kijani. Niliandika hivyo, kurasa sita, na mhariri wa jarida dogo la Kiswahili pale Homa Bay akaniambia hadithi ni nzuri ila rangi nimekosea.

"Ndugu mwandishi, kijani ni matumaini," alisema. "Msomaji akiona kijani anangoja mvua, mavuno, mtoto kuzaliwa. Kifo tunakipa nyeusi."

Mimi huuza mitumba. Sokoni kwangu nyeusi ni rangi isiyoonyesha uchafu, na nyeupe ni ya anayebatizwa Sabato hii. Lakini sikubishana. Nilitaka ichapishwe. Mama yetu, kule Migori, hakuwahi kuelezwa vizuri jinsi mwanawe alivyokufa. Waliomletea mwili walisema tu ziwa limemchukua, wakanywa chai, wakaondoka. Niliyekuwa naye mtumbwini ni mimi, na miaka minane mdomo wangu umekataa. Nilidhani karatasi itanisemea.

Kaka alikuwa mtu wa ng'ombe. Tulikuja ziwani kutafuta riziki tu. Siku ile magugumaji yalituzingira pande zote, mtumbwi ukakwama. Mzaliwa wa ziwani angetulia, angoje upepo uyasukume. Kaka aliutazama ule ukijani, akaona ndege wakitembea juu yake, akaona malisho.

"Hii inabeba mtu," alisema, akateremka kama anayeingia shambani kwake. Majani yakafunguka, yakajifunga. Hata alama hayakuacha.

Basi nikaanza kupatana na mhariri kama tunavyopatana bei ya suruali. Nilihesabu: kijani mara kumi na moja. Nikahesabu tena: kumi na moja. Nikaomba tubaki na nane. Akasema hapana hata moja. Nikashuka hadi tano, nikashuka hadi mbili, nikamwambia basi, madam, ile moja tu anayoteremkia. Akasema moja itamchanganya msomaji kuliko kumi na moja. Bei ya mwisho naijua nikiisikia. Tukaandika maji meusi. Sasa, kwenye maji meusi hakuna mtu anayeteremka kwa hiari yake, kwa hivyo ikabidi ije dhoruba, mtumbwi upinduke.

Jarida lilipotoka nilikwenda Migori nikamsomea mama, kila sentensi nikiigeuza kwa Kijaluo. Jina sikutaja, nilijua atatambua mwenyewe. Alisikiliza bila kunikatiza, mikono mapajani. Nilipomaliza, akatikisa kichwa.

"Maskini kijana wa watu," alisema. "Na mama yake, aliambiwa na nani?"

Nikamwambia hadithi haisemi.