Msafiri wa Mtaa Mmoja

Mtaani walimwita Msafiri, na aliyembandika jina hilo ni kinyozi wa duka la ng'ambo ya barabara, mtu asiyejua kufunga mdomo hata akiwa na wembe shingoni mwa mteja. Jina lenyewe lilikuwa na sababu. Msafiri alikuwa fundi wa mabegi, na hakuna begi lililotoka kwake bila kujaribiwa. Alilijaza matofali na nguo kuukuu, akaliburuza mtaa mzima mpaka kituo cha mafuta, akageuka kurudi, kichwa amekiinamisha upande akisikiliza magurudumu. Kinyozi akimwona tu, anapaza sauti: "Msafiri! Ndiyo unatutoka leo?"

"Leo ndiyo mwisho wenu kuniona!" hujibu yeye.

Watu wanacheka. Mtu mwenyewe, jamani, hajawahi kuvuka kile kituo cha mafuta kwenda popote pa maana! Labda mazishini mji wa jirani, na jua halijazama kesharudi. Mvi zimemjaa kichwani, mabegi ya watu yamepita mikononi mwake yakazunguka dunia, yeye yuko palepale na sindano yake.

Wala usidhani hakutaka. Ujanani alipatana na rafiki yake waondoke pamoja, wapande treni ya bei ya chini, wakifika mahali wabebe mizigo sokoni, wakipata nauli wasogee mbele. Nguo alishafungasha. Asubuhi ya kuondoka mama yake, mjane, akasimama mlangoni akasema, "Nenda mwanangu, sikuzuii. Ila utaniacha na nani?" Basi. Yakamkata miguu. Rafiki akaondoka peke yake, naye akajiambia atamfuata mwakani, mfuko ukinona. Huo mwakani ulikuwa ukisogea mbele kila akiukaribia. Mama akafariki, kisha dada yake naye akaondoka duniani akiacha binti mdogo, na Msafiri akamchukua mpwa wake akamlea.

Huyo mpwa ndiye aliyekuwa mtu wake wa pekee. Waliishi vyumba viwili nyuma ya duka. Binti alikuwa na kelele huyo! Akiosha vyombo anaimba, akipiga pasi anaimba, na sauti hana. Mjomba wake alinung'unika toka asubuhi mpaka jioni kwamba hasikii hata cherehani yake. Uongo mtupu. Siku binti akichelewa chuoni, mzee alitoka mlangoni kuchungulia njia mara ngapi, kinyozi ndiye shahidi.

Chuo kikaisha. Jioni moja, wakiwa mezani, binti akaweka kijiko chini.

"Mjomba, mimi na wenzangu wawili tunataka kusafiri. Tuzunguke tuone nchi za watu, kabla hatujaanza kazi."

"Kwa hela gani?"

"Kidogo tulichonacho. Mabasi ya kawaida, tulale kwa ndugu za marafiki, pasipo na ndugu tulale chini. Mkate tutanunua."

"Subiri basi upate kazi. Utasafiri kama mtu."

Binti akacheka. "Mjomba, nikipata kazi sitapata nafasi. Nikija kupata nafasi, magoti yatakuwa yameshagoma. Sasa hivi hata nikilala sakafuni naamka nacheka. Acha niende nikiwa bado sijui kudeka."

Mzee akasogeza sahani kando. Akasema, "Haya, lete begi la mama yako nilitengeneze." Lilikuwa begi kubwa la marehemu, zipu imekufa na gurudumu moja halipo. Binti akalileta mbio. Mzee akalitundika kwenye msumari juu ya cherehani, na hapo ndipo visa vilipoanza.

Kwanza zipu ya saizi ile haikupatikana. Ikapatikana, uzi ukawa si wenyewe. Uzi ukaja, gurudumu likawa halimpendezi. Na fundi huyuhuyu, mkono wake mwepesi kuliko wa mtu yeyote mtaani, mabegi ya wateja yaliingia asubuhi yakatoka jioni yakiimba barabarani! La mpwa wake lilining'inia pale kama kanzu ya mtu aliyehama. Wenzake wa safari wakaanza kuuliza. Siku ya kuondoka ikasogezwa, ikasogezwa tena.

Siku moja mchana binti akaingia dukani akamkuta mzee anapiga nta uzi kwa ajili ya begi la mteja. Akasimama mikono kiunoni.

"Mjomba, mama wa jana begi lake ameshachukua. Yule mzee wa leo asubuhi naye anachukua. Langu lina ugonjwa gani?"

"Kazi nzuri haitaki haraka."

"Basi sitaki kazi nzuri. Nipe hivyohivyo nilifunge kamba. Au nibebe gunia. Kesho tunaondoka."

"Na gunia?"

"Na gunia!"

Hapo mzee akatupa uzi. "Nenda basi! Nenda! Mimi utaniacha na nani?"

Yalimtoka, na alipoyasikia yakimtoka nywele zilimsisimka. Ilikuwa sauti ya mama yake, maneno yaleyale, mpaka ule mkato wa mwisho. Mikono ya binti ikashuka kiunoni polepole, akaja akaokota uzi akamrudishia.

"Basi siendi, Mjomba. Mwakani. Nikipata hela nzuri."

Si ndicho alichokitaka? Amekipata sasa. Siku zilizofuata binti alikuwa mwema kupita kiasi. Alipika mapema, alifagia duka bila kutumwa, mjomba akikohoa analetewa maji. Ila hakuimba. Vyombo viliosheka kimya, pasi ikapita kimya, cherehani ikasikika vizuri mpaka ikaudhi. Wenzake walipopita kumuaga alitabasamu, akawaambia wampigie picha za huko. Wakamwambia watamsubiri mji wa mpakani siku chache, akibadili mawazo. Akajibu hawezi kubadili. Mzee alikuwa nyuma ya pazia, akasikia yote. Alimjua yule anayetabasamu hivyo. Alishamwona kwenye kioo chake mwenyewe, kijana wa miaka ile, akiwaambia watu kwamba mambo ni mazuri tu.

Kwa kweli alijichukia. Akalishusha begi msumarini na mteja yeyote aliyekuja aliambiwa arudi kesho. Jua lilikuwa bado liko juu alipomaliza. Hakulijaribu mtaani, alimwita binti, akalisimamisha mbele yake.

"Wenzako wako mpakani. Pakia."

"Mjomba, tulishaongea."

"Uliongea wewe. Mimi sasa ndiyo naongea. Mama yangu aliniambia maneno niliyokwambia wewe, nami nikakaa. Sikumlaumu, na wewe usingenilaumu, hilo ndilo baya lake. Ningekaa hapa nakutazama unazeeka taratibu, na chai unaniletea."

"Na wewe utabaki na nani?"

"Peke yangu. Nitakuwa mpweke, ndiyo, nikudanganye? Nitaumia sana. Sasa nifanyeje, nikufunge kamba kwenye cherehani? Pakia, mama, basi halitakusubiri."

Binti alilia. Alipakia analia, akaondoka analia, na kwenye basi akamtolea mkono dirishani. Mzee alijikaza, akamfokea aingize mkono ndani asije akaugonga.

Simu ilikuja siku moja alasiri, duka halina mtu. Binti alikuwa anaongea mbio kama mwenye kukimbizwa. Wamepotea njia, wakacheka mpaka wakakaa chini. Wamelala kwa watu wasiowajua, wakagawana mkate na bibi mmoja kwenye treni, hawaelewani lugha hata neno moja, na bado wamepiga soga safari nzima. Kuna mlima, Mjomba! Kuna daraja, ukisimama katikati miguu inatetemeka!

"Ehe," alisema mzee. "Ehe."

"Uliza basi, Mjomba! Niulize kitu, nikusimulie!"

Mzee akafungua mdomo. Alitaka sana kuuliza. Lakini mtu asiyewahi kusimama mahali pageni aulize nini? Hajui wageni huanzaje kuongea, hajui mtu akishuka garini asikojulikana hutazama wapi kwanza. Swali alilokuwa nalo lilikuwa moja tu, la lini atarudi, na hilo aliliuma kwa meno.

"Wewe endelea tu," akasema. "Nasikiliza."

Binti akaendelea, bibi wa mkate, mlima, daraja, kisha katikati ya neno salio likaisha. Mzee hakushusha simu. Alikaa nayo sikioni, duka kimya, kichwa amekiinamisha upande, akisema "ehe" kila baada ya muda.