Taulo la Siporo

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyeliumba goti, akaikutanisha mifupa yake bila ugomvi, akalifanya lituinamishe mbele Yake na lituinue tena. Sifa ni Zake kwa kiungo kilicho kizima na kwa kinachouma. Rehema na amani zimfikie Mtume Wake, na watu wa nyumba yake, na kila aliyefuata njia yao kwa wema.

Baada ya hayo, nataka kusimulia habari za goti langu la kulia, jinsi lilivyoniuma hapa Rumonge, mji wetu wa kando ya ziwa, katika miaka ya vita.

Mimi ni fundi cherehani. Kabla ya vita tulikuwa kundi la wanaume wa mtaa, Waislamu na Wakristo, wavuvi, walimu, wakamuaji wa mawese, na kila Jumamosi asubuhi tulikimbia pamoja kwa mistari, tukiimba, kutoka sokoni mpaka karibu na msitu wa Kigwena na kurudi. Hatukushindana na mtu. Hapa kwetu jambo hilo huitwa siporo, na siporo yetu iliishia kwenye chai na maandazi, na kucheka aliyebaki nyuma. Vita ilipofika, kundi likatawanyika. Wengine walivuka ziwa. Wengine walipita Nyanza-Lac wakaingia Tanzania. Wengine tuliwazika. Nikabaki peke yangu.

Sikuacha. Kila Jumamosi, amri ya kutotoka usiku ikishakwisha na jua likishapanda, nilivaa raba zangu nikatoka. Nilikimbia mahali pangu pa zamani, mstari wa nje, ukingo wa kulia wa barabara, kwenda na kurudi, kana kwamba wenzangu wako kushoto kwangu na ninawaachia nafasi. Mke wangu alijua hivyo, kwa hiyo hakunikataza. Nilikuwa na hakika kwamba siku nitakayoacha, kundi lile litakuwa limekufa lote.

Lakini kukimbia wakati wa vita ni kazi ngumu, na si kwa sababu ya pumzi. Siku zile mtu mmoja akikimbia, wote walikimbia. Hakuna aliyeuliza kwanza. Mama aliona jirani yake ametoka mbio, akafunga mtoto mgongoni, akaacha sufuria jikoni, akamfuata. Maulizo yalikuja baadaye, kule kwenye michikichi, watu wakishahema. Kwa hiyo nilikuwa na alama yangu. Nilivaa taulo jeupe shingoni, na kila nilipokaribia watu niliita kwa sauti, "Ni siporo! Ni siporo!"

Askari wa bariyeri, kizuizi cha barabarani, alikuwa wa kwanza kuzoea. Mara ya kwanza alinisimamisha.

"Weye muzee, unakimbia nini?"

"Siporo, afande."

"Siporo mu vita?"

"Ndiyo, afande."

Akanitazama kuanzia kofia mpaka raba. "Basi kimbia polepole, nikuone muzuri."

Tangu siku hiyo nilipita pale kwa mwendo wa bibi harusi.

Waliozoea zaidi walikuwa wanawake wanaoanika ndagala ufukweni, nje kidogo ya soko. Usiku ambao wavuvi waliruhusiwa kutoka, asubuhi yake mchanga ulikuwa mweupe kwa dagaa hao, na wanawake wameinama wakiwageuza. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mnene, mjane, mwenye sauti ya kufika Minago bila simu. Nilipopita nikiita siporo yangu, aliitikia kwa salamu ya amani bila kuinua kichwa, "Amahoro, fundi! Pita, unatutilia vumbi!" Na wenzake waliendelea kugeuza samaki. Sikujua wakati ule jinsi nilivyokuwa napenda kutotazamwa.

Maumivu yalianza kama kitu kidogo. Kwanza nilihisi sindano chini ya pia ya goti nikishuka ngazi za msikiti. Kisha nikikaa muda mrefu kwenye cherehani, nikiinuka, goti lilikataa kunyooka mpaka nilibembeleze. Kisha likaanza kuniuma katika kikao cha tahiyatu, na nikawa nawaza goti wakati ninapotakiwa kumuwaza Mola wangu. Jioni lilivimba likawa kama andazi.

Mke wangu alinipashia mawese kwa chumvi, akanikanda kila jioni. Alikanda vizuri na alisema sana.

"Wengine wanakimbia ili wapone. Wewe baba watoto unakimbia ili uumwe."

"Litapoa."

"Litapoa ukilipa nafasi. Na siku ya kukimbia kweli kweli nani atakubeba? Mimi? Mgongo wangu una mtoto tayari."

Alikuwa na haki.

Jumamosi moja niliamka goti likiwa zito. Nikafikiri, nikilifunga vizuri litashikilia. Nilichukua taulo langu, lile lile la shingoni, ambalo mke wangu alikuwa amelitumia kunikanda jana yake jioni, nikalizungusha gotini na kulikaza. Mawese yalikuwa yameingia ndani ya uzi. Taulo jeupe lilikuwa limekuwa jekundu mbele, na rangi ile ilikuwa ikishuka kwenye muundi. Mimi niliona dawa. Sikufikiri mwingine ataona nini.

Siku hiyo sikwenda mbali. Goti lilianza kulia kabla ya bariyeri, nikageuza. Nikawa nakimbia kwa kuchechemea, mguu mmoja unaruka, mwingine unaburutwa, uso umekunjamana kwa maumivu, narudi mjini kutoka upande wa bariyeri, ambao kila mtu aliuogopa. Nikawafikia wanawake wa ndagala. Shingoni hakuna kitu. Gotini kuna kitambaa chekundu.

Mama yule mnene aliinua kichwa. Aliniona. Akapiga kelele moja tu: "Wamemupiga fundi!"

Sijawahi kuona watu wakiinuka kwa pamoja vile. Wanawake walipita juu ya ndagala zao, vikapu vikaanguka, wa kwanza akaingia sokoni na soko likamwagika. Nikapaza sauti, "Ni siporo! Ni siporo!" Nani angesikia? Nikaona la kufanya ni kuwafuata niwaeleze. Hapo ndipo nilipoharibu zaidi, kwa sababu kadiri nilivyowafuata ndivyo walivyozidi mbio, na waliotazama nyuma walimwona mtu wa damu anawajia. Baadhi waliingia kwenye michikichi. Wengine walisukuma mitumbwi majini. Nilipofika karibu na mlango wa soko goti likajikunja lenyewe, nikaketi chini katikati ya nyanya za watu, peke yangu, soko lote tupu.

Alhamdulillahi, hakuna aliyekufa wala aliyevunjika. Watu walianza kurudi mmoja mmoja. Mama wa ndagala alikuja akitweta, akainama, akagusa kitambaa kwa kidole, akanusa.

"Mawese," akasema.

"Mawese," nikasema.

Akakaa chini karibu nami. Nilidhani analia, kumbe anacheka, mabega yanatikisika, lakini machozi yalikuwa ya kweli. Kisha akafuta uso kwa ncha ya kitenge, akasema maneno ambayo hakuna aliyeyapinga, hata wazee wa mtaa walipokusanyika baada ya adhuhuri.

"Fundi, ndagala si neno. Zilizokanyagwa tutawapa bata. Lakini mimi leo nimeacha mama yangu mu kitanda, nimekimbia bila yeye. Nilifika mu michikichi ndiyo nikamukumbuka. Usikimbie tena mbele yetu mpaka huo muguu unyooke. Ukinyooka, kuja. Tutakuangalia sisi wenyewe."

Nilisema nimekubali. Usiku ule niliona Jumamosi zote zilizobaki zimefungwa mlango.

Nilikwenda kituo cha afya. Muuguzi aliyekuwepo alikuwa mwanamke kijana, aliyechoka, na kwenye kabati lake zilibaki tembe za maumivu tu. Akalibonyeza goti pande zote, akaniambia nichuchumae, akaniomba raba zangu. Akazigeuza.

"Hii ya kulia imelika upande mmoja. Unakimbilia wapi?"

"Barabarani. Ukingoni."

"Upande ule ule siku zote?"

"Ndiyo."

"Kwa nini usibadilishe?"

Barabara yetu imeinuka katikati na kuteremka kwenye kingo, na kwa miaka mguu wangu wa kulia ulikuwa umekanyaga chini kuliko wa kushoto. Ningeweza kukimbia katikati, barabara ilikuwa tupu. Lakini katikati palikuwa pa wenzangu. Nilimwambia hivyo, nikitazama sakafu.

Hakunicheka. Alisema, "Papa, wao hawatakasirika ukisogea."

Akanipa amri zake. Nisikimbie kabisa. Kanyagio la cherehani nilisukume kwa mguu wa kushoto. Niegemee ukuta kila siku kana kwamba nimekalia kiti kisichokuwepo, mpaka mapaja yatetemeke. Nitembee ndani ya maji ya ziwa, yafike kiunoni, kwa kuwa maji hubeba mwili. Na katika swala, akasema, "Mimi ni Mukristo, sijui sheria yenu, lakini hilo goti usilikunje."

Sheria yetu ina huruma. Imamu aliniletea kigoda kwa mkono wake mwenyewe, akakiweka safu ya nyuma, baina ya wazee wawili wasioona vizuri. Nilikuwa bado mtu wa makamo, ndevu zangu nyeusi. Mmoja wa wale wazee akanigusa goti na kusema, "Karibu. Huku nyuma hakuna haraka." Nikaswali nimeketi, nikiinamisha kichwa hewani, na mkeka ulikuwa chini mbali kama ng'ambo ya ziwa. Naandika wazi kwamba hilo liliniuma kuliko goti. Lakini mle nyuma nilisikia mambo ambayo safu ya mbele sikuwahi kuyasikia: pumzi za wazee, vidole vyao vikipita kwenye tasbihi, mmoja akiomba kwa kunong'ona kwa ajili ya mtoto aliye kambini. Mungu alinikalisha nisikie.

Ziwani nilitembea asubuhi, mahali wanawake wanapofulia, kwani pasipo na watu palikuwa na mamba. Walinitazama nikienda huku na kurudi, maji kiunoni, uso mzito.

"Fundi, umepoteza sindano?"

"Ndiyo, nisaidieni kutafuta."

"Ukiipata utupatie, tushone midomo ya wanaume wetu!"

Vita haikungoja goti langu. Milio ya risasi ilitoka milimani siku nyingine, na watu waliteremka na magodoro kichwani, wakalala shuleni na msikitini. Tulikimbia mara moja kweli, mchana, familia nzima, kuelekea kusini. Mimi sikukimbia, nilitembea haraka, mtoto mmoja mkononi, mke wangu mbele na mwingine mgongoni, na goti likauma lakini halikujikunja. Tulilala kwenye michikichi tukarudi. Njiani nilimwona mama wa ndagala. Alikuwa amembeba mama yake mgongoni kwa kitenge, kama mtoto. Aliniona ninavyotembea, akaniinulia kidevu, basi.

Mfungo wa Ramadhani ulinikuta bado juu ya kigoda. Ulipokuwa unakwisha, asubuhi moja baada ya alfajiri nyumbani, nilijaribu kushuka taratibu, mkono ukiwa ukutani. Paji la uso likagusa mkeka. Nilikaa pale. Mke wangu akasema kutoka mlangoni, "Umekwama?" Nikasema hapana. Hakuuliza tena; alirudisha pazia.

Mvua za kwanza zilipokuja nilikwenda ufukweni kumwambia yule mama kwamba niko tayari. Akawaita wenzake. Walisimama kwa mstari, mikono viunoni, kama tume. "Anza kule kwenye mutumbwi ule mukavu," akaamuru, "mpaka hapa." Nikakimbia mbele yao. Mmoja akasema goti limenyooka, mwingine akasema bado linacheza kidogo, wakabishana juu ya mguu wangu kama wanavyobishana juu ya samaki. Mwishowe mama akauliza, "Taulo iko wapi?"

Nikatoa taulo mkobani. Mke wangu alikuwa amelifua kwa sabuni ya mawese mara nyingi, na doa la rangi ya chungwa halikutoka.

"Hiyo hapana," akasema. "Hiyo ya damu hapana." Akaingia kwenye kikapu chake, akatoa kitambaa cheupe cha kufunikia samaki, akanivisha shingoni. Kilinuka ndagala mpaka kikachakaa.

Jumamosi iliyofuata nilikimbia katikati ya barabara, mahali palipokuwa pa wenzangu. Nilihisi kwanza kama ninawakanyaga, kisha kama wamenizunguka. Sikwenda Kigwena; nilifika bariyeri nikarudi, nikitembea kidogo, nikikimbia kidogo, kama muuguzi alivyoagiza. Nilipokaribia wanawake wa ndagala nilishika kitambaa cha shingoni. Nikaita, "Ni siporo."

"Amahoro, fundi," mama akaitikia. "Pita, vumbi!"

Wote walikuwa wameinama. Hakuna aliyeinuka. Nilipita nyuma ya migongo yao, na mikono yao ikaendelea kugeuza samaki mmoja mmoja kwenye jua.

Leo mimi ni mzee, na kigoda kimenirudia, safu ile ile ya nyuma. Sina malalamiko. Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe magoti ya kukuinamisha na ya kukuinua, akuondolee kila mbio ya hofu, na akupe majirani wanaokuona ukikimbia wasiinuke. Amina.