Maji Juu ya Meza ya Dinah

Mteja mmoja wa hoteli ya Dinah ni mwalimu wa chuo, mwenye sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Kila mchana alikuwa akinawa, anakula obusuma, yaani ugali, na mboga ya mrenda bila haraka, kisha anachovya kidole kwenye glasi ya maji na kuchora bahari juu ya meza. "Huu ndio mkondo, mama. Vitoto vya kasa vikishaingia baharini havionekani tena mpaka vikue. Lakini ukijua mkondo unaelekea wapi, maji yana joto gani na chakula kiko wapi, kompyuta inaweza kukisia vinakoishi." Kidole kilizunguka, kikatua, kikaacha tone. Dinah alinung'unika kwamba anamlowanishia meza, naye mwalimu aliomba radhi huku akiendelea kuchora.

Ijumaa moja, hoteli ikiwa imejaa, Dinah alipaza sauti: "Kwani mwalimu, ulishawahi kuona kasa hata mmoja?"

"Bado, mama. Hata baharini kwenyewe sijafika."

"Jameni! Anajuanga kasa wanalala wapi, na hata Mombasa hajakanyaga!"

Watu walicheka mpaka mmoja akapaliwa na supu. Mwalimu pia alicheka, kidogo, akaufuta mkondo wake kwa mkono wa shati.

Bado anakuja. Ananawa, anakula, anashukuru, lakini hachori tena. Dinah ndiye asiyeweza kumtazama usoni. Jana alimsogezea glasi ya maji hadi karibu na kidole, akasimama hapo na kitambaa chake cha kupangusia. "Na wale watoto wa kasa, siku hizi wako wapi?"

"Wapo tu, mama," akasema, akayanywa maji yote.

Dinah akaipangusa meza, ingawa ilikuwa kavu tayari.