Unga wa Rangi Mbili

Kulsumu, jirani anayekaanga maandazi, ndiye aliyemwambia Bertila kwamba yule mzee wa duka la dawa la Majengo siku hizi halali usiku. "Anajikuna mpaka asubuhi, mwenzangu. Yeye na madawa yake yote hayo!" Bertila hakucheka. Mzee huyohuyo ndiye aliyekuwa akimtibu mwanawe majipu ya kichwani.

Kila akienda, mzee huitikia shikamoo bila kuinua macho, hupuliza vidole kwa baridi, huchukua kidonge cha rangi mbili na kukizungusha taratibu kama mtu anayefungua kalamu. Kisha huugongagonga unga wa njano uliomo ndani yake juu ya kidonda. "Kesho kitakauka," husema, kwa sauti ya kubembeleza. Mwanzoni vilikuwa vinakauka kweli. Sasa mtoto anachemka homa, na majipu yameshuka mpaka shingoni.

Leo mzee alikifungua kidonge, akamwinamia mtoto, halafu kidole kikagoma. Sweta la mzee lilikuwa limepanda mkononi, na Bertila akaona majipu yaleyale, yanavuja usaha, unga uleule umegandia juu yake kama uji. Mzee akalishusha sweta, akakifunga kidonge.

"Mpeleke hospitali, mama, leo hii. Dawa yangu hii vijidudu vimeshaizoea." Akamfunika mtoto vizuri kwa kitenge, halafu akasema polepole, "Wakimpa dawa ikamponya, nakuomba upite uniambie jina la hiyo dawa."