Karatasi za Vita na Kiti Changu cha Ngozi

Mie darasa la saba nililimaliza kwa kuvumiliwa. Lakini leo mtu akitaka kujua Mwingereza alifanya nini huku kwetu wakati wa vita vyake na Mjerumani, anakuja dukani kwangu, mtaa wa Usagara, hapa Tanga. Wasomi wanakuja, wanavua viatu mlangoni maana sakafu yangu ni marumaru, na mimi ndiye ninayewaonyesha pa kukaa.

Nilianza na mashine moja ya kopi iliyochoka, kwenye kibaraza cha watu. Sasa ninazo mpya, na ya leminesheni, ile ya kuvika karatasi plastiki, na mlango wa kioo. Siku moja mwalimu wa sekondari, mteja wangu, akaleta karatasi kuukuu nimtolee kopi. Kiingereza cha mkono, herufi zimelala ubavu, na muhuri wa jeshi juu yake. Nikamuuliza ameitoa wapi. Akasema kwa bibi mmoja wa Mwera, kule Pangani, wa ukoo wa asili ya Omani. Zamani za vita maofisa wa Kiingereza waliifanya nyumba ya ukoo ule ofisi yao, na walipoondoka wakaacha sanduku zima la makaratasi. Sasa bibi anahamia Mombasa kwa binti yake, na sanduku nalo linavuka mpaka wa Horohoro.

Hilo la kuvuka Horohoro ndilo lililonichoma. Vitu vingapi vya Tanga vimeshaondoka tukiangalia? Na mie mambo yangu yote nimeyamaliza kwa kununua. Basi nikavaa kanzu ya Ijumaa siku ya Jumanne, nikamchukua mwalimu, tukaenda Mwera.

Nikamwamkia bibi shikamoo, akaitikia, akatuletea kahawa na haluwa. Kikombe cha kwanza hakijaisha, nikataja bei. Bibi akacheka mpaka ushungi ukamteleza. Akanieleza kuwa marehemu mumewe aliliweka sanduku lile wakfu mbele ya mashahidi, kama watu wanavyoweka wakfu kisima au minazi ya msikiti. Haliuzwi, halirithiwi, wala halipewi mtu likawa lake. Anayekaa nalo ni msimamizi tu, na sharti ni moja: anayetaka kusoma asome bure.

Katika biashara zangu zote sijapata kukutana na mzigo usio na bei. Nikamwambia basi anipe mie nilisimamie, lisitoke Tanga. Akauliza nitazitunzaje.

Hapo nikajimwaga. Kila karatasi nitaitia leminesheni, maji yasiiguse, mchwa asiionje. Kwa ushahidi nikatoa cheti changu cha darasa la saba, nilichokileminetisha kwa mkono wangu mwenyewe. Huwa natembea nacho, kuna watu hawaamini. Bibi akakigeuza huku na huku. Kilikuwa kimeshapiga manjano, mapovu pembeni, na jina langu limeanza kufifia humo humo ndani.

"Hebu kitoe nikione, mwanangu."

"Hakitoki, bibi."

"Sasa hiki umekitunza au umekizika?"

Mwalimu akapaliwa na kahawa. Bibi hakunikatalia wala hakunikubalia. Akanipa karatasi chache nikazitolee kopi na kumrudishia, akasema ataangalia.

Nyumbani nikamsimulia mke wangu. Yeye Mpemba, na Mpemba humfundishi kuweka kitu. Kanga za arusi ya nyanya yake zinatoka sandukuni utadhani zimenunuliwa jana. Akasema karafuu kavu ndani ya mfuko wa kitambaa, zisigusane na karatasi maana zina mafuta. Kabati likae juu ya matofali. Masika yakipita, karatasi zitolewe zipate hewa, kivulini. Nikachongesha kabati la mninga kubwa kuliko la nguo zake, jambo alilochelewa kunisamehe. Kisha nikatandaza kopi mezani, nikatangaza msikitini, sokoni na kwa kinyozi.

Watu wakaja. Na mtu wa Tanga akija anaanza na nyuki. Waingereza walipokuja kuiteka Tanga walitimuliwa na nyuki, kila mtu anajua, sasa nyuki wenyewe wako wapi humu? Mwalimu akisoma anakuta punda waliokufa, chumvi, ofisa analalamikia paa linalovuja. Nyuki hamna. Kinyozi wangu akasema wameona haya kuandika.

Asubuhi moja akaingia mzee wa Kidigo, muuza nazi, magoti yamemchoka. Babu yake alichukuliwa kubebea jeshi mizigo na hakurudi. Jina hakulitafuta, majina ya wapagazi hayakuandikwa. Alitaka tu kusikia walikuwa wakiishije. Viti vya plastiki vilijaa wanafunzi, basi nikamkalisha kwenye changu. Kiti hiki ni cha ngozi, kinazunguka, kina pa kuegemeza shingo. Hata mke wangu hajakikalia. Umeme ulikatika, nikawa nampepea mzee kwa kipande cha boksi huku mwalimu akimfasiria amri moja: wapagazi waongezwe blanketi, milimani kuna baridi.

"Walipewa?" mzee akauliza.

"Imeandikwa wapewe."

"Kuandikwa, kumeandikwa," akasema, akaiweka mikono juu ya mikono ya kiti.

Nilipoinua macho, bibi wa Mwera kasimama mlangoni. Yumo safarini kwenda Horohoro, mkwewe kamsimamishia gari nje, sanduku nyuma. Hakuwa amenipa taarifa. Nilikuwa na maneno yangu ya kabati, ya mninga, ya karafuu, nimeyapanga siku nyingi, na nikabaki nimeshika boksi. Bibi akamtazama mzee kitini, akanitazama mie niliyesimama, akamgeukia mkwewe.

"Lishushe."

"Wapi, mama?"

"Hapa. Mlango si uko wazi?"

Akapishwa kiti cha plastiki na mwanafunzi, akasikiliza karatasi moja mpaka mwisho ndipo akaondoka. Kabla hajapanda gari nikamuuliza kuhusu kuuza kopi. Akasema wino ni wangu, kopi niuze; kusoma, nisithubutu kutoza.

Kwa hiyo msimamizi ni mie, na kabati kama lile Tanga nzima hakuna. Kiti cha ngozi kipo. Nakikalia alfajiri, kabla sijawafungulia wasomaji mlango.