Sauti Yangu Ilimzika Dada Kabla Hajafa

Asubuhi ya siku ya kura nilikuwa nimekaa kibandani kwa Nimai, kikombe cha chai mkononi, nikasikia sauti yangu inapita barabarani.

Mimi nimekaa. Mdomo umejaa chai. Sauti yangu inapita.

Na inatangaza kwamba dada yangu amekufa.

Kabla hamjaniita mlevi, nisikilizeni mpaka mwisho. Mimi kilevi changu ni tambuu tu, na siku hiyo hata tambuu nilikuwa sijatafuna.

Naitwa Mokhles. Hapa Shimultola, Bangladeshi, kazi yangu ni kutangaza. Napanda bajaji ya betri, juu yake kuna spika mbili za pembe, moja inatazama mbele na nyingine nyuma. Dereva wangu Sobuj anakwenda polepole, mimi naongea. Mbuzi kapotea? Mwite Mokhles. Daktari wa meno kaja kutoka mjini? Mwite Mokhles. Uchaguzi ukifika ndio mavuno yangu. Leo namsifu huyu, kesho namsifu mpinzani wake, na hakuna anayeninunia. Kila mtu anajua sifa za uchaguzi ni kama sukari kwenye chai ya Nimai, inamwagwa tu.

Lakini msiba ni habari nyingine.

Huku kwetu mtu akifa, kabla hata hajaoshwa, ndugu wananitafuta mimi. Napita mtaa kwa mtaa. "Tangazo la msiba. Tangazo la msiba." Nanyamaza kidogo. Nataja jina, mtoto wa nani, sala ya jeneza saa ngapi, uwanja gani. Kwa msiba nina sauti yangu ya pembeni, ya chini, haina madoido hata chembe.

Mama wa nyumba akiisikia anazima jiko. Wacheza karata wanazifunika. Nimai, ambaye hata si wa dini yetu, anaacha kumimina chai. Watu wanasema Inna lillahi, wanatafuta kofia, wanaondoka. Hakuna anayeuliza, "Una uhakika?" Hata mahasimu wanakuja.

Nilikuwa nawaambia wateja wangu: sifa nauza, msiba siuzi. Msiba ni amana.

Sasa nije kwa dada.

Dada Rahela ndiye aliyenilea mama alipotutoka. Mjane, hana mtoto. Mtoto wake ni mimi, na mimi mwenyewe nina mvi. Alikuwa mhudumu wa afya, kazunguka nyumba za kata hii kwa miguu mpaka akastaafu. Mwaka ule akaamua kugombea uenyekiti wa kata dhidi ya Haji Kuddus, mwenye matanuri ya matofali.

Matanuri ya Haji yanakula udongo wa juu wa mashamba. Leo vijana wake wanachimba kwa jirani yako, kesho shamba lako linamomonyokea kwenye shimo, na wewe unalazimika kumuuzia. Mpunga unaotoka hapo ni aibu tupu. Dada alikuwa na ahadi moja: akipita, hakuna jembe la Haji litakalogusa udongo wa mtu bila ridhaa yake.

Mimi niliogopa.

"Dada, yule ana pesa, ana vijana, ana kurasa mtandaoni. Wewe una nini?"

"Nina nanasi."

Nanasi ndiyo alama aliyopangiwa kwenye karatasi ya kura.

"Na nina mdogo wangu mwenye mdomo mkubwa," akaongeza.

"Mdomo wenyewe Haji kashaukodi wiki hii."

"We kodisha tu, msimu ni msimu. Ila ukimsifu usipite mlangoni kwangu. Nitakumwagia maji ya samaki!"

Na kweli nilipita, na kweli alinimwagia. Sobuj alicheka mpaka nusura atutumbukize mtaroni.

Haji alikuwa na mpwa wake, Tanvir, kijana wa Dhaka, nywele zinang'aa mafuta, kompyuta begani. Kazi yake ilikuwa kumpamba mjomba wake mtandaoni. Akarekodi picha za Haji akigawa mablanketi, Haji akimbeba mtoto, Haji akilia msikitini. Watu wakaziangalia, wakacheka, wakaendelea na shughuli zao. Siku hizi kila chaneli ina mwenyewe, kila ukurasa una mlipaji, na hapa kwetu hata mzee asiyejua kusoma anajua hivyo.

Siku moja nikapita na msiba wa mzee Jobbar. Tanvir alikuwa kibandani. Nimai alinisimulia baadaye.

"Yule kijana hakukutazama wewe, Mokhles. Aliweka simu chini, akawa anawatazama watu wanavyoinuka. Akauliza, 'Huwa wanakwenda hivi hivi wote?' Nikamwambia, wote."

Sikulitilia maanani. Ningejua!

Sasa turudi kibandani, siku ya kura. Siku hiyo spika ni marufuku, ndiyo maana nilikuwa nimekaa. Dada alikuwa ameshatoka tangu alfajiri kwenda kituo cha mbali, ng'ambo ya mfereji, akasimamie mawakala wake. Tulikuwa tumekunywa chai pamoja. Alivaa sari mpya ya kijani, nikamtania kwamba anafanana na nanasi lenyewe.

Bajaji nisiyoijua ikapita, imefunikwa turubai.

"Tangazo la msiba. Tangazo la msiba. Rahela Khatun, mgombea uenyekiti, alama ya nanasi, amefariki alfajiri ya leo. Sala ya jeneza baada ya adhuhuri, uwanja wa shule. Upigaji kura wa uenyekiti umeahirishwa."

Sauti ile ya chini, na ule unyamavu wangu kabla ya jina.

Wallahi, nilisema Inna lillahi. Mimi mwenyewe! Mtu niliyeachana naye akiwa mzima, mwenye sauti ni mimi, na bado moyo wangu uliamini kwanza, akili ikaja baadaye.

Nimai alinikodolea macho, birika mkononi.

"Mokhles, mbona uko hapa na huku unapita?"

Nikatupa kikombe nikakimbia.

Nilipofika nyumbani ua ulikuwa umejaa. Wanawake wanalia, wanaume wamefunga viti kwa kamba kupeleka uwanjani, mtu keshaleta sanda. Watu wa nanasi wote, na hata baadhi ya watu wa Haji, maana hapa kwetu kwa wafiwa huendi kesho, unakwenda sasa hivi.

"Yuko hai!" nikapiga kelele. "Dada yuko hai, nendeni mkapige kura!"

Mama Ferdousi, jirani yetu, akanishika kichwa.

"Maskini, uchungu umempanda."

"Sina uchungu wowote! Yuko kituoni!"

"Mwanangu, si umetangaza mwenyewe sasa hivi?"

"Si mimi!"

"Sauti yako siijui mimi? Mume wangu nani alimtangaza?"

Nikampigia dada simu. Ikaita, ikaita. Ndani ya kituo simu haziruhusiwi.

Nikamvuta Sobuj.

"Washa spika."

"Kaka, leo ni marufuku, tutalala ndani."

"Washa, Sobuj!"

Tukaingia barabarani. Nikatangaza kwa nguvu zangu zote kwamba Rahela Khatun ni mzima, kura zinaendelea, nendeni vituoni. Watu walitoka milangoni wakaanza kutazamana. Fundi cherehani wa pale sokoni akaweka mikono kiunoni.

"We Mokhles, asubuhi umemuua, sasa unamfufua. Jioni utamfanyaje?"

Watu wakaangua kicheko.

Pale ndipo nilipoogopa kweli. Sauti mbili, zote zangu. Moja inasema kafa, nyingine yuko hai, na mtu mwenye busara akisikia hivyo haamini hata moja, anakaa kwake. Na aliyekaa kwake ndiye Haji alimtaka.

Kwenye daraja polisi wakatusimamisha, wakachukua spika na kipaza sauti. Nikawabembeleza watuachie bajaji tu, wakatuachia.

Dada nilimkuta kwenye benchi nje ya kituo, amejikunyata na sari yake ya kijani.

"Mokhles, watu wangu wako wapi? Tangu asubuhi naona watu wa Haji tu."

"Wako nyumbani kwetu."

"Wanafanya nini?"

"Wanakuzika."

Nikamweleza. Hakulia. Alikaza mtandio, akapanda bajaji, akasimama, kichwa nje, kashikilia chuma cha turubai kama kondakta.

"Twende nikahudhurie," akasema.

Tulipoingia uani, jamani! Mama Ferdousi alianguka. Wengine walikimbia. Mzee mmoja alimgusa dada mkono, akaunusa, ndipo akaamini. Halafu wakaanza kulia upya, safari hii kwa hasira, wakatoka mbio kwenda vituoni, wazee wamebebwa mgongoni.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa fupi kweli, lakini ilifika mpaka saa kumi, na saa kumi milango ya vituo inafungwa. Waliokuwa mbali waliikuta imefungwa.

Haji alishinda. Alimpita dada kwa kura chache kuliko watu waliokuwa wamekaa uani kwetu wakisubiri maiti.

Nikaenda kushtaki. Ofisa akasikiliza rekodi ambayo mtu mmoja aliinasa kwa simu.

"Hii ni sauti ya nani?"

"Yangu."

"Unaikana?"

"Ni yangu, mheshimiwa, lakini sikuisema mimi. Wameitengeneza kwa kompyuta."

Akavua miwani.

"Sauti ni yako, dada ni wako. Sasa unataka nimkamate nani?"

Bajaji ile haikuonekana tena. Tanvir alirudi Dhaka. Nilimrekodia mjomba wake matangazo ya msimu mzima, basi malighafi wanayo ya kutosha mpaka kiama, na mimi ushahidi sina.

Akaja mwandishi wa habari, binti mpole, akakaa na dada mkekani wakala mchele wa kukaanga na pilipili. Akasema kapita nchi nyingi zenye chaguzi. Kwingine, akasema, watu wanaamini simu ya kiongozi wao, basi inapigwa simu ya uongo usiku wa kuamkia kura. Kwingine wanaamini picha za video. Kwingine wanamwamini mtangazaji fulani wa jioni, na huyo ananunuliwa mzima mzima, hata kompyuta haihitajiki.

"Kwa hiyo kila mahali wanaanza kwa kuuliza watu wanaamini nini," dada akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na huku waliambiwa watu wanaamini kifo."

Akacheka peke yake. Mimi sikuweza.

Mvua zilipoanza, moyo wa dada ukaanza kumsumbua. Mchana mmoja alilala mapajani kwangu, pumzi inakatika, mvua inapiga mabati. Akafungua jicho moja.

"Mokhles."

"Naam, dada."

"Sasa katangaze. Safari hii ni kweli."

Nikamwambia aache utani. Akaacha.

Nikamfunika. Nikamwita Sobuj. Nikapanda bajaji, nikashika kipaza sauti nilichokuwa nimekikomboa polisi, nikatoa sauti yangu ya msiba.

"Tangazo la msiba. Tangazo la msiba. Rahela Khatun..."

Watu wakatoka milangoni.

Wakacheka.

"Uchaguzi lini?" mmoja akapiga kelele.

"Leo kagombea nini?" mwingine akajibu, na mtaa mzima ukashangilia.

Fundi cherehani hakuinua hata kichwa. Jiko halikuzimwa. Karata ziliendelea. Nilipofika kibandani, Nimai, Nimai wangu, alinitazama huku anamimina, akauliza kwa upole kabisa:

"Mokhles, hii ni wewe, au ni ile nyingine?"

Nikazima spika. Nikashuka. Nikaenda mlango kwa mlango kwa miguu kwenye matope, namshika mtu mkono, naweka kiganja chake kwenye shavu langu asikie machozi. Waliniamini wale niliowagusa tu. Lakini kata ni kubwa, jua likazama, na maiti haingoji.

Mwanamke aliyezunguka nyumba zote hizi kwa miguu, aliyejua mtoto gani kazaliwa wapi, aliswaliwa na safu mbili za watu. Ya pili haikujaa.

Kesho yake ndipo walipokuja, mafuriko ya watu, wanalia, wanapiga vichwa. "Mokhles, tusamehe, tulidhani ni yale yale." Mama Ferdousi alikaa kaburini mpaka magharibi. Niliwasamehe. Ningewalaumu vipi? Hata mimi siku ile niliamini uongo kwa sauti yangu.

Watu wanadhani Haji alituibia uenyekiti. Uenyekiti ni wa miaka michache, utarudi kupigiwa kura. Alichoiba ni kile kimya. Kile cha mtaa mzima kunyamaza kwa pamoja kwa sababu mwenzetu katutoka. Ndugu yangu, popote ulipo, kuna kitu watu wa kwenu bado wanakiamini bila kuuliza. Kilindeni. Mwenye kutaka kura zenu ataanza na hicho kabla ya sanduku, na akishakitumia mara moja tu, hakirudi.

Bado natangaza, maana sijui kazi nyingine. Ila siku hizi nikipita na msiba, watu hawazimi jiko. Wanachukua simu wanampigia mfiwa kwanza.

Mtu maiti ya mama yake iko mbele yake, simu inaita, anapokea, na sauti inamuuliza: "Eti ni kweli?"