Nani alisema hii kinini haina mubaya?

Bamama, kichwa yangu inazunguka, na haiko tu juu ya homa.

Niko na mimba ya miezi ine. Leo asubui malaria ilinikamata. Ku hôpital, banganga beko mu grève, habatumike, mwezi muzima sasa. Mama wa pharmacie, hapa Kamalondo, alinipatia dawa, kinini mu kasashe ya plastiki, bila notice, ile karatasi ya maelezo; aliandika tu "2-2" na biki, mbili asubui, mbili mangaribi.

Nikamuuliza: "Na mimba, haina mubaya?"

Akajibu: "Hauna telefone? Uliza mu internet."

Haya. Niliuliza mu groupe yetu ya bamama.

Dakika moya haikupita. Mama moya wa Bel-Air, shimujue hata, akanijibu: "Kunywa bila woga. Mwenye kujua alishaka kujibu juu ya hii kinini mwaka jana." Akatia na capture, foto ya ile jibu.

Nikafungua ile capture.

Mayo wee! Pa mwenye kujibu, jina yangu. Foto yangu, na kile kitambala ya njano ya ndoa ya dada yangu.

Miye! Miye mwenye kuuzisha bitenge!

Wapi nilitosha ile jibu? Shikumbuke. Ule mama mwenye kuuliza mwaka jana alikuwa ametoka kukimbia vita ya Goma, alikuwa anaogopa sana. Pengine nilitaka tu kumutuliza.

Sasa nijiamini, ao nisijiamini?

Kinini iko pa meza. Shijakunywa.

Ule mama aliniandikia "merci, yaya", kisha akanyamaza. Kama kuko mwenye kumujua, aniambie: alikunywa?

Na mutoto?